Mifupa ya Yusufu na Jiwe Langu la Kusagia

Mwanangu wa kwanza yuko Zaire. Vita ya 1979 ilipotufikia, na mambo yakaharibika zaidi mwaka uliofuata, tulivuka mpaka pamoja na watu wote wa kwetu Lobule. Huko alishikwa na surua, akiwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno mawili. Tulimzika pembeni mwa shamba la mihogo la watu tusiowajua. Sikuwa na kitu cha kuweka alama. Nilichukua jiwe dogo la kusagia, lile la kushika mkononi, ambalo nilikuwa nimelibeba ndani ya sufuria kutoka nyumbani, nikaliweka upande wa kichwa chake. Tuliporudi Uganda, kwa muda mrefu nilisaga mtama kwa jiwe la kuazima.

Kwetu mtoto akifa, wajomba zake wana haki ya kuuliza amelala wapi. Kaka yangu, askari wa zamani anayekaa Aroi, aliuliza swali hilo kila alipotutembelea. Hakuuliza kwa ukali. Alikula, akanawa, akauliza.

"Dada, mtoto iko kwa watu. Tumulete."

Mume wangu alisema jambo hilo ni la upande wetu, akarudi kwenye tumbaku yake. Mimi nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyoweza kusema. Lakini mchungaji wetu alisimama kanisani akatangaza kwamba mifupa ni udongo na roho iko kwa Mungu, na kwamba atakayefukua maiti amerudi kwenye mizimu na hatapokea meza ya Bwana. Kaka yangu alisilimu jeshini, kwa hiyo alikwenda kumuuliza shehe wake. Alirudi anacheka peke yake.

"Mchungaji yako na shehe yangu hawajapatana neno moja tangu tutoke Zaire," alisema. "Leo wamepatana. Wewe tu umewapatanisha."

Mimi sikucheka. Meza ile ndiyo ilikuwa imenishika miaka yote ya ukimbizi. Kumleta mtoto kulimaanisha kuiacha.

Baadaye, vita ya Sudan ikaleta wakimbizi kwetu Koboko, zamu yao sasa. Kati yao alikuwemo mchungaji aliyesomea Maandiko chuoni. Kanisa letu lilimwomba atufundishe sisi tunaosoma masomo Jumapili. Tulikaa kwenye mabenchi baada ya ibada, Wakakwa, Walugbara na Wasudani, na lugha iliyotutosha wote ilikuwa Kiswahili, chake kikiwa kimechanganyika na Kiarabu. Mimi niliishia darasa la saba. Nilikwenda kwa sababu moja: nilijua kuna mahali Yusufu aliwaapisha ndugu zake wabebe mifupa yake kutoka Misri, na nilitaka mtu aliyesoma aniambie kwamba aya ile inatosha.

Mwalimu hakuwa na haraka ya kutuambia lolote. Alisema wasomi wana njia nyingi za kulisoma Andiko, na kila njia ni swali. Wengine wanauliza: wale waliosikia maneno haya mara ya kwanza walisikia nini? Wengine wanauliza: neno hili linasema nini likikaa pamoja na kitabu kizima? Tena akasema Agano la Kale lina wasomaji wengine, Wayahudi, ambao wanalisoma bila Agano letu Jipya, na kusoma kwao si nusu ya kusoma.

Mzee wa kanisa aliyekaa mbele hakupenda. Kila somo, hata la ukoma na nzige, yeye hulifunga kwa Yesu.

"Mwalimu, hiyo mifupa ya Yusufu ni mfano wa msalaba," alisema.

"Ngoja kidogo, mzee. Yesu atafika. Usimwite kabla Yusufu hajamaliza kusema."

Benchi zima lilicheka, na mzee naye akacheka, lakini alikunja mikono.

Basi tukaifuata ile mifupa. Tulianzia kwenye kiapo cha ndugu, tukafika kwa Musa anayetoka Misri usiku wa haraka, watu wamebeba unga usiochacha, na yeye anakumbuka mifupa. Tukavuka jangwa, tukavuka mto, mpaka mwisho wa kitabu cha Yoshua, inapozikwa Shekemu. Mwalimu alisema wasomi wanabishana kama mkono mmoja ndio uliopitisha uzi huo katika vitabu vyote, au ni mikono mingi. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Niliinua mkono.

"Huko jangwani nani alibeba sanduku la mifupa?"

Alitafakari. "Kitabu hakisemi, mama. Pale kinanyamaza, na sisi tunanyamaza."

"Lakini walibeba."

"Walibeba."

Nikasema yote hapo, mbele ya watu: mtoto, mihogo, jiwe, kaka yangu. Nikauliza kama aya hiyo inanipa ruhusa. Mchungaji wetu alikuwa amekaa nyuma. Sikugeuka kumtazama.

Mwalimu alifuta ubao polepole, ingawa haukuwa na maandishi mengi. "Mama, aya ni kama binti ya watu," alisema. "Huwezi kumchukua njiani tu. Uliza kwanza ndugu zake." Akatuambia tufungue mahali Raheli anapokufa njiani akizaa. Yakobo anamzika palepale, anasimamisha nguzo ya jiwe, anaendelea na safari. Hamrudii. Miaka inapita, na Yakobo mwenyewe, akiwa mzee Misri, anataka mwili wake upelekwe kwa baba zake, na unapelekwa. Raheli anabaki njiani. Na habari hiyo anamsimulia nani? Anamsimulia Yusufu, mtoto wa Raheli, yuleyule ambaye mwishoni atataka mifupa yake ibebwe.

"Kitabu kimoja," mwalimu alisema. "Mmoja anabebwa, mwingine anaachwa, na hakuna aliyelaumiwa. Mimi sina cha kuongeza."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nilikuwa nimeomba ruhusa nikapewa jambo la kufikiri.

Kiangazi kile tulikwenda hata hivyo. Niliamua nitamleta, na kama ni meza, nitakaa nje ya meza. Kaka yangu alikuja na baiskeli, jembe, shuka jeupe jipya, na katoni tupu ya sabuni aliyoifunga kwenye keria kwa vipande vya mpira. Tulivuka kwa njia ya watu wa soko.

Niliona shamba limekua. Mihogo ilikuwa imesimama kote, lakini pembeni kulikuwa na sehemu ndogo yenye nyasi tu, isiyoguswa na jembe. Jiwe langu lilikuwa pale. Hakuna aliyekuwa amelichukua kusagia, na ni jiwe zuri. Karibu yake kulikuwa na jiwe jingine, la kawaida.

Mwenye shamba alikuja, mama wa rika langu. Hakunitambua, nami sikumtambua, lakini alitazama jembe akaelewa.

"Ni wewe mama ya mutoto," alisema. "Hapa tunapitisha jembe pembeni. Watoto wangu wanajua: hapa kuko mutoto wa wakimbizi."

Nilimuuliza jiwe la pili ni la nini.

"Ni ya mutoto wangu. Alikufa nyinyi mukiisha kurudia kwenu. Nilimuweka karibu ya wako, asilale peke yake." Akalitazama tena jembe. "Unamubeba?"

Kaka yangu alinitazama. Ilikuwa haki yake kujibu, lakini aliniachia. Nilikaa chini kwenye nyasi. Watoto wawili, wamelala karibu hivyo, na udongo haukuandika jina la mtu. Nikamwazia yule mama akitazama shimo upande mmoja wa mtoto wake.

"Hapana," nilisema. "Nimekuja kumwamkia."

Alitupikia kisamvu. Nilitaka kumwachia shuka, akakataa. Alisema shuka la safari lirudi na safari.

Mpakani askari kijana aligonga katoni kwa kidole.

"Nini iko ndani?"

"Hakuna kitu," kaka yangu alisema.

"Hakuna kitu, na umefunga namna hii? Mzee, fungua."

Akafungua. Shuka tu, limekunjwa. Askari alitazama shuka, akatazama jembe lisilo na udongo, akamtazama kaka yangu ambaye sasa alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Alifunga katoni mwenyewe, akakaza mpira vizuri.

Jumapili mchungaji wetu alinishika mkono mlangoni. Alikuwa amesikia kwamba tumerudi mikono mitupu.

"Mama, nashukuru umetii."

Ningeweza kunyamaza na kupita. Meza ilikuwa imeandaliwa, niliiona kutoka pale nilipokuwa.

"Sikutii, mchungaji," nilisema. "Nilikwenda kumchukua. Nimemwacha kwa sababu ana mwenzake."

Hakuachia mkono wangu mara moja. Kisha alisogea pembeni, nikaingia.