Pembe Iliyotukana Wanajeshi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kibondo, Afisa Utamaduni alinikabidhi maiki, amplifaya, betri ya lori na spika mbili za bati zenye mdomo mpana, ambazo sisi mafundi tuliziita pembe. Kisha akanipima kwa macho kuanzia viatuni hadi nyweleni, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwa picha.

"Kijana," akasema, "kazi yako wewe ni sauti. Maneno yana wenyewe. Fundi akianza kusikiliza maneno, mitambo itampigia mluzi."

Mluzi ni ule mlio mkali unaotoka maiki inapokaribia spika: sauti inatoka, inarudi, inatoka tena, hadi watu wanaziba masikio.

"La pili," akaendelea. "Mwisho wa mkutano ni saa kumi na mbili jioni. Huku kwetu saa hiyo jua bado liko juu, na wakubwa watakuonyesha kwa kidole. Usibishane na jua. Tazama saa, zima."

Nadhani sheria hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa akichungulia dirishani Dar es Salaam, ambako saa kumi na mbili giza linabisha hodi kweli. Kwetu Buha, nchi ya Waha, saa hiyo mtu bado anapalilia. Hata hivyo niliitii miaka yangu yote, nikachukiwa na wanakwaya, wacheza ngoma na viongozi wa kila rangi ya kofia.

Kibondo ndiko nilikojifunza kufunga pembe juu ya gari kwa kufuata upepo, kusugua vichwa vya betri kwa maji ya moto, na kuwatambua wasemaji. Wapo wanaoimeza maiki, wapo wanaoipuliza kwanza kama uji, na wapo wanaosimama mbali nayo kana kwamba wamekutana na mama mkwe. Nikiwa nimeota mvi nilihamishiwa Kasulu, chini ya Afisa Habari, kijana wa Moshi mwenye simu mbili na adabu nzuri.

Mwaka 2013 tukaenda Nyakitonto kufungua zahanati. Mgeni rasmi alikuwa mwanasiasa mmoja ambaye nitamwita Mheshimiwa tu, maana hata yeye mwenyewe aliitika hilo kuliko jina lake. Alikuwa msemaji mzuri, wa kundi la wanaomeza maiki. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nahangaika na pembe ya kushoto iliyokuwa inakoroma, nasikiliza sauti kama nilivyofundishwa.

Ghafla watu wakanyamaza, kimya cha msibani. Mimi nikajua pembe imekata. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Kumbe pembe zilikuwa nzima. Mheshimiwa alikuwa amewasifu wakulima, kisha akatia kachumbari: "Wanajeshi wetu kazi yao kula maharage yenu na kulala. Mtoto akishindwa jembe, ndipo mnampeleka jeshini!" Alitegemea kicheko. Alipokikosa akadhani hawajamsikia, akarudia, na safari hii sauti yangu ikalivusha lile neno bonde zima. Waliokuwa mashambani ng'ambo ya pili waliegemea majembe yao, wakasikiliza.

Kama angesema wanajeshi hawajui kulenga shabaha, pengine yangeisha. Lakini kumwambia mama wa Kiha kwamba mwanawe alishindwa jembe! Sokoni Kasulu wauza maharage walimgomea mpishi wa Mheshimiwa: "Sisi tunawauzia wanajeshi, ndio walaji." Mwenye duka la vifaa aliapa kwamba angekuwa na mtoto mwingine angempeleka jeshini siku ileile. Wanajeshi wenyewe hawakusema lolote, maana kazi yao hairuhusu. Ila koplo mmoja aliyekuwa likizo alinunua jembe jipya, akaliweka begani kama bunduki, akapita nalo mtaa mzima kwa mwendo wa gwaride. Watu walimpigia makofi hadi stendi.

Nilicheka na wenzangu, mpaka tuliporudi Nyakitonto kutangaza chanjo ya surua ya watoto. Zamani gari letu likiingia kijijini watoto walilikimbilia. Sasa wanawake waligeuza migongo, na mmoja alipiga sufuria kwa mwiko hadi tukapita. "Pembe ndiyo hiyo," nikamsikia akisema, "ile iliyotukana wanetu." Siku ya chanjo muuguzi alikaa na sanduku lake la barafu peke yake, akiwa na mbuzi mmoja aliyefuata kivuli.

"Fundi," akaniambia, na hakuwa anatania, "chanjo zikiharibika tutaletewa nyingine. Surua ikiingia hapa, watoto hatutaletewa wengine. Nitarudi Jumamosi. Fanya unavyojua."

Niliogopa. Mimi nina wajukuu, na surua naijua tangu utoto wangu. Kwanza nikamwomba Afisa Habari ampigie Mheshimiwa aombe radhi.

"Nilinukuliwa vibaya," Mheshimiwa akajibu simuni.

"Na nani, Mheshimiwa?"

"Na vyombo."

Afisa Habari akaniangalia. Nikamwambia vyombo vyangu havinukuu, vinapaza tu. Basi nikaenda mwenyewe kwa Mama Gervas, kiongozi wa akina mama wa Nyakitonto, ambaye mwanawe Gervas alikuwa mwanajeshi mbali sana na kwao. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Hakuniinulia macho.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Wewe ulitukana?"

"Hapana, mama."

"Sasa unaomba ya nini? Ilitukana pembe. Pembe ndiyo ituombe."

"Pembe haina mdomo, mama."

"Yoo! Siku ile mdomo iliupata wapi?" Akatupa gunzi. "Sikiliza, Fundi. Iliwatukana wanetu bila majina, kama mbuzi wa mnadani. Basi iwaite kwa majina, mmoja mmoja, palepale ilipotukania. Na tutawaita sisi tuliowazaa."

Nikampelekea Afisa Habari ombi hilo. Akakuna kichwa. "Mzee, hii noma. Vifaa vya serikali viite watoto wa watu? Kwa kifungu gani?"

"Kifungu cha surua," nikamwambia. Akanipa funguo za gari.

Jumamosi akina mama wakapanga mstari mbele ya maiki. Tulikubaliana kila mmoja ataje jina tu. Mama Gervas akaanza: "Gervas, mwana wanje, mwanangu! Huyu alilima mpaka jembe likabaki mpini, ndipo akaenda jeshini. Gervas, unanisikia? Simu hupigi kwa nini? Na huko usioe mtu nisiyemwona!" Wa pili akamwambia wake avae sweta. Wa tatu akataja jina, akashindwa kuendelea, akalishika lile gari kwa mkono akalia, na wenzake wakamalizia jina kwa pamoja. Nami nikajikuta nasikiliza maneno, machozi yananitoka, na mitambo ikanipigia mluzi kama nilivyoonywa Kibondo.

Mstari uleule ukahamia kwa muuguzi, watoto migongoni. Siku hiyo sanduku lilirudi tupu.

Tangu hapo ikawa desturi Nyakitonto: pembe haifunguliwi kwa neno lolote kabla ya majina. Mwaka 2015, kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, tukaenda huko kuzindua kisima. Mgeni rasmi, Mheshimiwa yuleyule. Alifika amechelewa, akakuta mstari. Akaketi, akatabasamu, akatazama saa, akaacha kutabasamu. Akina mama siku hiyo walikuwa na habari nyingi za kuwapa wanao, na aliyemaliza alirudi nyuma ya mstari akakumbuka kingine. Hatimaye Mheshimiwa akaishika maiki.

"Ndugu wananchi—"

Nikazima. Ilikuwa saa kumi na mbili.

"Fundi! Jua lile pale!"

"Mheshimiwa, mimi na jua hatubishani."

Sasa nalima maharage Heru Juu, na vijana wa mitambo ya kisasa hunitembelea kuniuliza siri ya kazi. Nawapa zile sheria mbili za bosi wangu wa Kibondo, nami naziheshimu hadi leo. Kisha huniuliza kama kweli sikuwahi kuzivunja, nami huwaambia yaliyofuata jioni ile.

Mheshimiwa, kwa kukosa maiki, ilimbidi awasogelee akina mama ndipo asikike. Nilikuwa nakunja waya. Nilimwona akiongea kwa koo lake mwenyewe, kisha akivua kofia mbele ya Mama Gervas, na Mama Gervas akimsikiliza huku mikono iko kiunoni. Mwishowe mama akamshika Mheshimiwa mkono, akamleta mpaka kwenye gari langu.

"Fundi, washa. Amesema vizuri. Arudie."

"Saa imepita, mama."

"Jua si lile pale?"

Nikamtazama polisi wa zamu, aliyeletwa kuisimamia sheria ileile ya saa kumi na mbili. Polisi akainama, akaanza kufunga kamba za viatu vyake taratibu sana. Nikaitazama saa, nikalitazama jua, nikawasha. Kisha nikaongeza sauti mpaka mwisho, wasikie hadi ng'ambo ya bonde.