Kuomba Mchoro wa Bushi kwa Mtu Nisiyemjua

Pampu ya mkono ya kitongoji chetu, upande wa Handeni, iliharibika mwanzoni mwa kiangazi. Kilichovunjika ni bushi, kile kikombe kidogo cha chuma kinachoushika mpini usiyumbe. Pampu yenyewe ni ya zamani na vipuri vyake havipo tena madukani. Nilivipeleka vipande kwa fundi wa kukereza vyuma, Korogwe. Akavigeuzageuza kiganjani, akanirudishia.

"Mzee, mimi sikerezi kwa kukisia. Niletee mchoro."

Wakati huo kina mama walikuwa wamesharudi kwenye lambo, wakichota maji yaleyale wanayokunywa ng'ombe.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe nikiwa nimeshapita miaka arobaini. Nikatafuta mtandaoni anwani za mafundi wa maji na wahandisi wastaafu, nikaanza kuwaandikia barua pepe. Ya kwanza niliipanga kiofisi: kumbukumbu namba, yahusu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikaeleza ukame, wazee, watoto wanaoharisha. Nikaambatisha barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri. Niliituma kwa watu kumi na saba. Hakujibu hata mmoja. Kila asubuhi nilifungua simu, nikaifunga, nikaenda shambani na uchovu ambao haukutokana na jembe.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja muuza maandazi, akataka nimsomee. Alinisikiliza huku akigeuza maandazi kwenye mafuta.

"Mwalimu," alisema, maana huniita hivyo ingawa sijafundisha popote, "hapa unaomba hela."

"Sijataja hela, mama."

"Unalia. Mtu nisiyemjua akinililia, najua kinachofuata."

"Basi niongeze kwamba hatuombi hela."

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Ukisema hivyo ndipo naushika mkoba wangu kwa mikono miwili!"

Nikakata. Ukame nikautoa. Muhuri nao nikautoa, na huo uliniuma, kwa sababu kwetu mtu asiye na muhuri ni kama hajafika. Zikabaki sentensi tano: pampu ni ya aina gani, nini kimevunjika, vipimo vitatu, fundi anayesubiri, na swali moja: una mchoro wake, au unamjua aliye nao? Chini nikaweka picha ya vipande vikiwa kando ya rula. Safari hii kila mtu nilimwandikia barua yake, nikitaja kazi yake niliyoisoma. Nilichoka baada ya barua ya tano, nikaishia hapo.

Siku ya nne mmoja akajibu, bila salamu: "Kipimo chako cha ndani si sahihi. Pima tena."

Nilipima tena. Kweli, nilikuwa nimepima upande uliolika. Nilianza kuandika maelezo marefu kuhusu rula yangu na macho yangu, nikayafuta. Nikaandika: "Nilikosea. Nilipima upande uliolika. Kipimo sahihi ni hiki." Kabla ya jioni mchoro ukafika, umechorwa kwa penseli, na chini yake ameandika namba ya simu, endapo fundi atakwama.

Fundi hakukwama. Maji yalipotoka, mama mwenyekiti akanihimiza nimjulishe yule mtu. Nikaandika kwamba maji yametoka, nikashukuru, basi. Kisha nikaenda kulala jua likiwa bado juu, kelele za ndoo zikinifikia kitandani.