Betri Nilizozipima Mwenyewe Zilivyomzimikia Mkwe Wangu Kisimani

Mwenye kuwajibika kwa yaliyotokea kisimani ni mimi, Nassor wa Mkunazini, mtumishi mstaafu wa ofisi ya mizani na vipimo. Na anayenifuata, tena kwa karibu sana, ni Bwana Shabani, muuza vifaa vya umeme wa Darajani. Naanza na hilo kwa sababu mtaani habari imeshageuzwa: wako wanaosema mkwe wangu Haji alipandwa na shetani wa kisima, na wako wanaosema aliingiwa na woga (Haji, mtu wa Tumbatu, aliyejua kupiga mbizi kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati). Yote hayo si kweli. Aibu ni yangu, nami nitaieleza kwa mpangilio wake, ingawa kila nikifika pahala pa simu masikio yangu huwaka moto.

Chanzo chake kilikuwa jambo dogo. Nilikwenda dukani kwa Bwana Shabani kununua betri za tochi mbili za nyumba yetu, zile betri nene za lithiamu zinazotiwa chaji, na kwa kuwa mimi sitembei bila mita yangu ya kupimia umeme (mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hata kaburini nitaingia nayo), niliitoa mfukoni mbele ya wateja, nikagusisha ncha zake kwenye betri moja baada ya nyingine, na kila moja ikanipa volti nne na ziada. Hapo ningenyamaza, nikalipa, nikaenda zangu. Sikunyamaza. Nilitangaza, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia sokoni kuwahukumu wenye mizani ya uongo, kwamba betri hizi zina nguvu kamili.

"Kwa hivyo nzima, mzee?" akauliza Shabani, na sasa nikikumbuka naona alivyoinua sauti makusudi.

"Nzima. Mimi sisemi jambo nisilolipima."

Wateja wawili wakanunua palepale. Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo, maana tangu nistaafu hakuna anayeniuliza jambo lolote la maana isipokuwa kama nimepita kununua mkate.

Nyumba yetu ni moja ya zile nyumba kubwa za zamani, imegawanywa kwa familia kadhaa, na katikati iko wazi hadi mbinguni, na hapo ndipo kilipo kisima. Mimi ndiye msimamizi wa nyumba. Nilichaguliwa na wakaazi, na nakiri nilijipigia kampeni. Nilipozitia betri zile kwenye chaja zilijaa upesi kuliko betri yoyote niliyowahi kuiona, nami nikajisifu kwa Haji kwamba hizi ni betri hodari, zinashiba haraka. (Mwenye akili angejiuliza: mtungi unaojaa kwa kata moja una ukubwa gani?) Baada ya siku chache binti yangu Salma, mke wa Haji, akanijia kutoka jikoni na tochi mkononi.

"Baba, hii imenzimikia nikiwa nakaanga. Imewaka kidogo, ikafifia, ikafa."

Nikaitoa betri, nikapima. Volti nne, na kidogo juu yake. Nikamwonyesha namba.

"Mwanangu, betri haina neno. Wewe umefunga kifuniko vibaya."

"Nimefunga vizuri, Baba."

"Basi kifungo cha kuwashia kina vumbi."

Hakubisha tena. Alikuwa mja mzito, miguu ilimvimba, na nadhani alichoka kubishana na mita.

Ikafika siku ambayo mota ya kisima ilinguruma tangu alfajiri bila kuvuta maji. Mabomba ya serikali yalikuwa makavu, umeme nao ukakatika asubuhi, na wanawake wa nyumba walikuwa wakigombana kwa ndoo uwanjani. Ilionekana wazi kwamba mdomo wa bomba la chini umezibwa na takataka, na kwamba lazima mtu ateremke kuuzibua kabla umeme haujarudi. Mzoefu wetu wa kuingia visimani alikuwa amekwenda Pemba arusini. Haji akajitolea. Kuna vishimo vya kukanyagia vilivyochongwa kwenye mawe ya ukuta wa kisima, na tungemfunga kamba kiunoni, wanaume wawili wakiishika juu. Kilichobaki ni mwanga, kwani chini mle hata mchana ni giza tupu, na maji yanamfika mtu mzima kifuani.

Nikaleta tochi zangu mbili. Bi Zuwena, jirani yetu wa ghorofani, mwanamke ambaye ulimi wake umewahamisha wapangaji wawili, akachungulia kutoka barazani kwake.

"Ndizo hizo alizolalamikia Salma?"

"Nimezipima, Bi Zuwena."

"Nnajua umezipima. Nnauliza kama zinawaka."

Nikaziwasha zote mbili mbele ya watu. Ziliwaka kama jua. Nikamgeukia Haji.

"Una wasiwasi wowote, mwanangu?"

Haji akanitazama, akaitazama tochi, akateremsha macho. "Hapana, Baba. Ukishasema wewe, basi."

Hapa naomba msomaji asiye wa kwetu aelewe. Haji alishaiona tochi ile ikizimika mikononi mwa mkewe. Alijua. Lakini kijana aliyeoa karibuni hamwambii baba mkwe wake, mbele ya nyumba nzima, kwamba kipimo chake hakifai. Afadhali ateremke kisimani. Mimi nilimuuliza swali ambalo adabu yetu ilikuwa imeshamjibia, nikalihesabu jibu lake kuwa ni ushahidi.

Akateremka, tochi moja ameifunga kichwani kwa kitambaa, ya pili ameitundika shingoni kwa uzi. Tuliuona mwanga wake ukishuka ukutani, ukawa mdogo, kisha tukasikia maji yakitibuka na sauti yake ikipanda: "Nshafika! Nimeliona bomba!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilipokea pongezi kana kwamba mwanga ule ulitoka mfukoni mwangu.

Kisha ukawa wa manjano. Kisha ukazimika.

"Washa ya pili!" nikapiga kelele.

Ya pili ikawaka, tukaiona, na kabla mtu hajashukuru nayo ikafifia ikafa.  Halafu sauti ya Haji, si ya kupiga kelele, sauti ya mtu anayejizuia: "Baba, kamba imezunguka bomba. Nkijivuta inanibana. Sioni nimejifunga wapi."

Wanaume walioshika kamba wakavuta kwa pupa, na kutoka chini tukasikia kilio cha maumivu. "Msivute! Msivute, mtanikata!" Wakalegeza. Salma akaja mbio kutoka jikoni, mikono yake yote unga, akaushika ukingo wa kisima, akainama kuchungulia gizani. 

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, mtu niliyepewa dhamana. Niliinama kisimani nikamwambia mkwe wangu, aliyekuwa gizani na maji kifuani: "Haji, jaribu tena, betri ina volti nne kamili!"

Bi Zuwena akajibu kutoka juu, sauti ikagonga kuta zote nne: "Basi mteremshie hizo volti azipandie!"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Hofu ilinitoa akili. Nikaitoa simu yangu, nikawasha taa yake, nikaifunga kwa uzi wa kuanikia nguo (fundo langu la haraka), nikaiteremsha. Ilishuka vizuri hadi katikati. Kisha uzi ukawa mwepesi mkononi mwangu. Tukasikia pigo, na mguno, na maji.

"Kitu gani kimenipiga?" akauliza Haji.

"Simu yangu."

"Imenipiga begani, Baba. Mguu umeteleza. Msinishushie kitu tena, tafadhali, mtu yeyote, msinishushie kitu."

Sauti yake sasa ilikuwa na maji ndani yake. Tulimsikia akikohoa, akitafuta kwa kidole cha mguu kile kishimo alichokipoteza. Nami nilisimama na kipande cha uzi mkononi, nikiwa nimeshamzimia tochi mbili na kumtupia simu. Nilimtazama Salma mara moja. Sikuthubutu mara ya pili.

Aliyeokoa hali alikuwa Bi Zuwena. Sikumwona akishuka, nilimsikia tu akifoka, "Nipisheni!", na nyuma yake binti zake wawili wamebeba kioo kirefu walichokibandua kwenye kabati lake la nguo. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua limeingia uwanjani kwa mshazari. Wakakisimamisha kioo kwenye ukingo, wakakiinamisha hivi, wakakiinamisha vile, mara mwanga mweupe ukaangukia ukuta wa kisima na kuteremka jiwe kwa jiwe hadi chini.

"Waona?" akaita.

"Naam! Naam, naona!"

"Jifungue taratibu, mwanangu, hatwendi popote." Kisha kwangu: "Wewe shika huku chini kisiteleze. Na usipime kitu."

Nikapiga magoti nikashika kioo. Ndani yake niliiona sura yangu yote, jasho, kofia imepinda, na nyuma yangu watu wa nyumba nzima wakinitazama. Haji akajifungua kwenye bomba, akakipata kishimo cha kukanyagia, wakampandisha. Alitoka na vidole vilivyochubuka na alama ya kamba nyekundu kiunoni. Salma alimfunika kanga, akampeleka chumbani. Aliponipita nilisema, "Mwanangu." Akafunga mlango.

Jioni, watu walipotawanyika, nilizitoa betri zile nikazipima tena. Volti nne! Nusura nizitupe. Lakini nilikuwa na globu ya zamani ya pikipiki, nikaiunga kwenye betri na ncha za mita nikiwa nimezishikilia palepale, na hapo ndipo kazi niliyopaswa kuifanya dukani ikafanyika. Namba iliporomoka chini ya tatu, globu ikawa nyekundu kama kaa linalokufa. Nikaiondoa globu: namba ikapanda taratibu hadi nne, safi, haina hatia. Nikajaribu betri kuukuu ya tochi ya Bi Zuwena iliyokufa globu zamani (alinipa kwa kuirusha), ikaupokea mzigo uleule na namba haikuteleza ila kidogo. Betri iliyochoka, wenzangu, ikipumzika hufanana kabisa na nzima; ni kama mimi nikiwa nimekaa kitini na kanzu yangu iliyopigwa pasi. Itwike mzigo ndipo utajua. Mita yangu haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeiuliza betri swali jepesi.

Kisha nikachana ganda lake la plastiki kwa wembe. Chini ya ganda jipya lenye maandishi ya dhahabu kulikuwa na ganda la pili, la kijani, limepauka, na kwenye ncha alama za kuchomelewa. Zilitolewa ndani ya kompyuta mbovu zikavishwa nguo mpya.

Asubuhi nilikwenda dukani. Bwana Shabani alikuwa akimhudumia mtu mzima wa Nungwi, anayenunua betri za tochi za vijana wake wanaozamia pweza. Kabla sijafungua mdomo Shabani akanyoosha mkono kwangu: "Huyu hapa mwenyewe! Mzee wa vipimo. Muulize, zote kazipima."

Yule mtu akanigeukia kwa heshima. "Shikamoo, mzee. Kweli?"

"Marahaba," nikasema. "Nilipima. Nilipima vibaya. Usimpe mtu azamie nazo."

"Mzee!" Shabani akaruka. "Si mwenyewe ulisema nzima, mbele za watu?"

"Nilisema. Na wewe ulijua." Nikaweka juu ya kaunta ganda la dhahabu na ganda la kijani. Hakuyagusa. Alisema habari hizo yeye hazijui, betri huletewa hivyo hivyo zilivyo. Mtu wa Nungwi akarudisha betri moja moja kwenye kaunta, akaondoka bila kuaga, na wateja waliobaki hawakujua wamcheke nani kati yetu.

Sitapima tena betri isiyotwikwa mzigo, wala sitamuuliza mkwe swali mbele ya watu na kulihesabu jibu lake. Lakini ahadi ya mzee mmoja haitoshi, kwa hiyo nadai rasmi. Nadai Bwana Shabani aziondoe betri zile dukani, aeleze hadharani nani anamletea, na awatafute wote walionunua kwa kutegemea kauli yangu. Nami nitafuatana naye kila mlango, niseme kwa mdomo uleule kwamba nilikosea. Nadai wakaazi wa nyumba yetu wanivue usimamizi hadi watakapokaa na kulijadili jambo hili. Na katika kikao hicho nadai nisimamishwe mbele ya wote, na Haji, ambaye mpaka leo ananiamkia kama kwamba hakuna lililotokea, apewe ruhusa ya kuniuliza alichokitaka kuniuliza kabla hajateremka; aulize kwa sauti, asikatizwe na mtu, nami nijibu.