Siku ya Neema ya Kinya

Kinya hakuwa mtu wa kuchelewa, na hilo lisemwe kabla ya mengine, maana wako watu pale chuoni waliokuja kulisema kinyume huku wakinywa chai ya kibandani bila haya. Tangu aanze kozi ya kompyuta mjini Meru, kila kazi aliyopewa aliituma mapema. Wenzake walimtania, "Wewe Kinya, hata siku ya kufa utafika kabla ya jeneza." Alicheka tu. Kwao Kangeta, miraa isiyochumwa na kufungwa mapema huachwa na gari la sokoni, na ikiachwa basi ni ya mbuzi. Amelelewa hivyo.

Alikaa chumba kimoja na Wambeti, msichana mwenzake wa Siakago, kule Mbeere kwenye jua kali na mashamba ya muguka, mmea wa jamii moja na miraa. Walikutana kwenye foleni ya kusajiliwa, Kinya na sanduku lake la bati, Wambeti na godoro kichwani, na tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Laptopu walikuwa nayo moja, ya Kinya. Ya Wambeti ilimwagikiwa uji mwaka wa pili, ikafa hapo hapo.

Kangeta wanawake huchumiana miraa kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na aliyepatwa na shida husogezwa mbele bila maswali. Kinya alipomsimulia Wambeti, mwenzake alipiga makofi. "Hata kwetu ni hivyo hivyo!" Basi laptopu ikawa ndilo shamba lao. Leo zamu yako, kesho yangu, mwenye shida atangulie. Hata neno la siri la kuifungulia walilitunga pamoja, kangetasiakago, wakacheka wakisema vijiji vyao vimefunga ndoa.

Sasa, somo la Daktari Ireri lilikuwa na sheria zake. Ireri alikuwa mtu wa Embu, mfupi, haachi sweta lake la kijivu hata jua liwake vipi, na siku ya kwanza alizisoma sheria hizo kama mchungaji anayesoma amri kumi. Kujadiliana, ruhusa. Kuchorana ubaoni, ruhusa. Kumweleza mwenzako mpaka aelewe, ruhusa tena na baraka juu yake. Lakini programu yenyewe kila mtu aiandike kwa vidole vyake. Kazi mbili zikifanana, aliyenakili anapelekwa kwa kamati ya nidhamu na kurudishwa nyumbani mwaka mzima, na aliyeiacha kazi yake ikanakiliwa anapata sifuri. Kuhusu kuchelewa, kila mwanafunzi alipewa siku tatu za neema kwa muhula. Ukizimaliza, kazi ikichelewa kidogo tu haisomwi.

"Na msije kuniambia habari za nyanya aliyefariki," akasema. "Neema ndiyo hiyo nimewapa."

Wambeti alizimaliza zake muhula ukiwa mchanga. Mbili zilikwenda mama yake alipolazwa hospitali. Ya tatu, tuseme ukweli, ilikwenda kwa harusi. Kinya zake hakuzigusa.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa kutunga programu ya kusaidia shughuli ya nyumbani kwa mtu. Kinya akatunga ya miraa. Ilijua mti gani umepumzika vya kutosha na upi bado, iliwapanga wachumaji kwa zamu, ilihesabu mafungu ya kila mmoja, na mwishoni ilimkumbusha mwenye shamba akate majani ya mgomba ya kufungia. Aliipenda programu ile kupita kiasi. Alimweleza Wambeti sehemu zake zote wakimenya viazi, akichora sakafuni kwa chaki, na Wambeti aliuliza maswali mazuri sana. Yeye Wambeti alisema atatunga ya mizani ya muguka.

"Nimeanza," alikuwa akijibu kila akiulizwa. "Imebaki kidogo tu."

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hiyo Kinya alikuwa amemaliza, amebakisha kuikagua mara moja na kuituma, na zamu ya laptopu ilikuwa yake. Wambeti akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kulia.

"Woi, Kinya, mimi nimekwisha. Sina hata siku moja ya neema, na yangu bado."

"Si ulisema imebaki kidogo?"

"Hiyo kidogo ndiyo inaniua!"

Kinya alimtazama yule mwenzake mwenye macho mekundu, na hakufikiri mara mbili. Nani afikirie mara mbili wakati mwenye shida ni wa kwao? "Haya, chukua. Leo nzima ni yako. Mimi nina siku tatu za neema zimelala bure, nitatuma kesho."

"Aki ya Mungu, wewe ni zaidi ya ndugu."

Kinya akaenda zake kufua, kisha akaenda kwaya. Aliporudi jioni alikuta laptopu imefunikwa vizuri mezani na Wambeti amepika mukimo wa viazi. "Nimetuma!" Wambeti akapiga kelele, wakakumbatiana wakirukaruka kama watoto. Jumamosi Kinya akaikagua kazi yake na kuituma, na ikaandikwa kwa rangi nyekundu mbele ya jina lake kwamba imechelewa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakujali. Tena alijisikia mwema, jamani, alijisikia mtu aliyefanya la maana.

Wiki iliyofuata waliitwa wote wawili ofisini kwa Daktari Ireri. Aliwageuzia skrini. Programu mbili zilikuwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, na zilikuwa moja. Palipoandikwa miraa kwa Kinya, kwa mwenzake paliandikwa muguka. Palipoandikwa Kangeta paliandikwa Siakago. Mengine yote yalikuwa yale yale, hata nafasi alizopenda kuacha Kinya kati ya mistari. Kwanza alidhani mashine imekosea.

"Moja ilifika Ijumaa," Ireri akasema. "Nyingine Jumamosi, imechelewa. Kwa kawaida anayechelewa ndiye aliyekuwa akingoja ya mwenzake. Ni nani aliyeandika?"

Kinya akamgeukia Wambeti akitabasamu. Ndiyo, akitabasamu, maana alijua kwamba hata kama mwenzake ameteleza, sasa atasema. Wambeti alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ni yangu, Daktari," akasema. "Kinya tunakaa naye chumba kimoja. Labda aliiona."

Labda! Mtu amekupa shamba lake siku ya mavuno, halafu anasimama mbele ya watu anasema labda. Kinya atasema nini? Kwamba yeye asiyechelewa alichelewa kwa kupenda? Kwamba laptopu ni yake lakini hakuwa nayo? Kila wema alioutenda Ijumaa ile ulikuwa umegeuka ushahidi dhidi yake. Akamwona mama yake kanisani Kangeta, yule mama anayejisifu kwa wanawake wenzake kwamba mtoto wake hajawahi kuokota hata sindano ya mtu, akiulizwa mbona binti yuko nyumbani mwaka mzima, na mama akijibu kwa sauti ndogo kwamba aliiba.

Ireri akamwambia Wambeti aieleze programu. Na Wambeti akaieleza! Akaieleza vizuri, bila kusita, sehemu moja baada ya nyingine, kwa maneno ambayo Kinya mwenyewe alimpa wakimenya viazi. Alipofika kwenye miti akasema, "Mti uliochumwa ni kama mama aliyejifungua, Daktari, ni lazima umwache apumzike." Hayo yalikuwa maneno ya mama yake Kinya. Kuibiwa kazi ni kitu kimoja, lakini kusikia maneno ya mama yako yakitoka kinywani mwa mwizi, tena kwa sauti tamu, hilo lilimkata maini.

Zamu ya Kinya ilipofika, aliruka mstari, akarudi nyuma, akachanganyikiwa. Ireri alikuwa akitikisa kichwa polepole, na mkono wake ulikuwa umeshaichukua kalamu.

Ndipo Kinya akakumbuka Krismasi iliyopita. Alikwenda Siakago, nyumbani kwa Wambeti, wakachuma muguka pamoja tangu alfajiri, na mama Wambeti akamwita binti yangu na kumchinjia kuku. Hakupenda kuitoa siku ile kifuani na kuimwaga mezani mwa Ireri. Aliitoa.

"Daktari, naomba nimwulize swali moja tu."

"Uliza."

"Wambeti, kwenu muguka hufungiwa kwenye jani gani?"

Wambeti akatazama dirishani, akatazama mlango, akatazama viatu tena.

Ireri alizaliwa Embu, na muguka haikuwa ngeni kwake. Ni majani matupu. Huchumwa, humwagwa mfukoni, hupimwa kwenye mizani, basi. Miraa ndiyo vijiti, na ndiyo hufungwa mafungu na kuvikwa majani ya mgomba. Akaivuta skrini karibu, akateremka mpaka mwisho wa programu ya Siakago, akasoma kwa sauti: "Muguka iko tayari. Kata majani ya mgomba." Akavua miwani.

"Wambeti, mmeanza lini kuifunga?"

Wambeti akaanza kulia, kilio kile kile cha Ijumaa, hata mabega yalipanda na kushuka vile vile. Safari hii Kinya alibaki amekaa.

Uamuzi haukuchukua muda. Wambeti angepelekwa mbele ya kamati. Kinya jina lake lilikuwa safi, lakini alipata sifuri.

"Sheria niliisoma siku ya kwanza," Ireri akasema. "Uliiacha kazi yako wazi."

"Nilimwachia laptopu, Daktari. Sikumwachia kazi."

"Najua." Alilisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko kama angegombezwa. "Lakini kazi ilikuwa ndani yake."

Kule nje Wambeti alimkamata mkono wa sweta. "Umeniuza, Kinya. Tena kwa mambo ya nyumbani kwa mama, mama aliyekulisha!"

Msikie huyo! Lakini Kinya hakupaza sauti. Alikuwa na hasira ya kutosha kuangusha ukuta, ila kilichotoka ni kingine.

"Ungeniomba," akasema. "Ijumaa ile ungeniomba tu, Wambeti. Ningekaa na wewe kutwa, nikueleze ya mizani hatua kwa hatua, mpaka uimalize mwenyewe. Hiyo ilikuwa ruhusa. Alisema ni baraka."

Jioni hiyo Wambeti alihama akaenda kwa dada yake aliyekaa Makutano, godoro kichwani kama siku waliyokutana, na Kinya hakumsindikiza hata mlangoni. Alikuwa akibadilisha neno la siri.

Jumatatu ilikuja kazi mpya. Kinya aliketi mapema kama kawaida yake, akafungua laptopu, na vidole vyake, bila kumwuliza, vikaandika kangetasiakago. Mashine ikakataa. Akaandika tena, herufi kwa herufi, akijua kabisa anachofanya, nayo ikakataa tena. Hapo ndipo alipolia, yeye ambaye ofisini hakutoa chozi. Hakuna aliyekuwa akingoja zamu. Siku nzima ilikuwa yake.