Kulipia Baridi ya Nyumba Iliyofungwa

Nyinyi vijana mnaokuja Dubai na kutafuta nyumba, hebu wekeni simu chini mnisikilize. Nimechoka kuona kosa lile lile, na kila aliyelifanya anakuja kulia kwangu kana kwamba hakuambiwa.

Umeme huku, mwanangu, huchagui wa kukuuzia. Lakini baridi unaichagua, na unaichagua siku ile unapochagua nyumba. Kuna nyumba yenye AC yake, ukiizima imezimika na mita imetulia. Na kuna majengo ambayo baridi inatoka kwa kampuni, inapita kwenye mabomba, nayo ina bili yake mbali. Hiyo ya pili ndiyo iliyotutia adabu.

Siku tuliyokwenda kuitazama nyumba naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimetoka Mombasa kuja kumlea mjukuu wangu Nasra, hata kukaa alikuwa hajajua. Mwanangu Salim alikuwa akifanya kazi ghalani, kule Freezone, eneo la biashara la uwanja wa ndege, na mkewe Zuhura alikuwa akiuza kwenye duka la manukato. Wote wanatoka asubuhi, wanarudi usiku. Mimi ile baridi inaniingia magotini. Naiwasha kidogo kwa ajili ya mtoto, kisha naizima. Watu kama sisi baridi nyingi ya nini?

Dalali, kijana wa Tanga aliyevaa tai katikati ya joto lile, akatupeleka kwenye ghorofa jipya. Salim akauliza bwawa la kuogelea liko wapi. Bwawa! Kazaliwa Mombasa na kuogelea hajui. Mimi nikauliza, "Na hii baridi, tukifunga nyumba tukaenda kwetu, inaendelea kudai?"

"Mama, ni kitu kidogo tu," dalali akajibu, huku akimtazama Salim.

"Sikukuuliza kidogo au kikubwa. Inadai au haidai?"

Salim akanibana mkono. "Mama, huku si kwetu Kibokoni. Yalla, twende, tusimchoshe mtu." Akatia sahihi, akatoa hundi za kodi ya mwaka mzima.

Ikaja Ramadhani. Tukafunga nyumba, tukaenda kufunga kwetu, na Idi tukaila huko huko. Tuliporudi, kufungua mlango, ndani tanuri. Baridi imekatwa. Salim akapigia kampuni simu, sauti imempanda: "Lakini hatukuwepo! Hatukuwasha hata siku moja!" Akajibiwa kwa upole kabisa kwamba baridi ina ada ya kila mwezi, inakwenda kwa ukubwa wa nyumba, uwepo usiwepo, na haikulipwa.

Na madirisha ya ghorofa lile hayafunguki. Ndiyo, hayafunguki! Nasra akatoka harara shingo nzima, akalia mpaka sauti ikamkauka, akakataa na kunyonya. Hapo niliogopa kweli. Joto la huku linaua mtoto mchanga, mwanangu, sikutishi.

Tukamfunika kanga iliyoloweshwa maji, tukakimbilia mtaa wa Al Mankhool kwa Bi Time, jirani yangu wa tangu Mombasa. Anakaa jengo kuukuu, AC yake ya dirishani inanguruma kama trekta. Akafungua mlango, akatutazama. "Karibuni watu wa bwawa! Mbona mmekauka?"

Zuhura akacheka huku machozi yanamtoka. Salim hakucheka. Nasra akapoa, akanyonya, akalala.

Asubuhi Salim anaanza: "Nikilipa wataturudishia baridi, mama. Na mwakani tukiongeza mkataba..." Mwakani! Mtoto harara haijakauka, yeye anaogopa akihama wenzake kazini watasema kashuka.

Basi, mwanangu, kama nyumba yenu inatumia kidogo, msiulize tu bei ya mnachotumia. Ulizeni mtalipa nini siku ambayo hamkutumia kitu. Ulizeni nani anaweza kukata, na akikata mtapumua wapi. Dalali akisema "kidogo tu", aandike. Dirisha lifungueni kwa mikono yenu muone. Kuuliza si ushamba. Ushamba ni kunyamaza kwa kuona haya. Mungu awape nyumba zenye nafuu, na watoto wenu walale bila kulia.

Salim nilimwambia pale pale, mbele ya mkewe na Bi Time: "Nenda ukalipe leo, maana hundi zako zishatoka. Lakini mwaka ukiisha tunahama. Na nyumba inayofuata, hutii sahihi mpaka mimi nimalize kuuliza."