Nukta Iliyoangukia Kanoni

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani narudi mara mbili kuhakikisha nimefunga mlango, na bosi akinipigia simu nasimama wima kabla sijapokea. Kwa hiyo mtu anayenijua akisikia kwamba siku za Jumamosi nilikuwa naondoka Rubwera kwenda kusimama kwenye mashamba ya watu nisiowajua, anacheka. Hata mimi ningecheka.

Mchezo wenyewe ni huu. Dunia imegawanywa katika miraba mikubwa kwa mistari ya ramani, na kila siku programu ya kwenye simu inachagua nukta moja katika kila mraba, kwa kubahatisha tu. Kazi yako ni kufika pale, kupiga picha na kurudi. Zawadi hakuna. Mraba wetu unabeba wilaya ya Karagwe na ya kwetu, Kyerwa, lakini sehemu kubwa imevuka mto na kuingia Rwanda, hivyo siku nyingi nukta iliangukia ng'ambo au katikati ya kinamasi, nikabaki nyumbani nafua. Ikiangukia upande wetu nilivaa raba nikaenda.

Ukutani nilibandika karatasi ya manila niliyochora wilaya zote mbili kwa mkono, na kila nilipofika niliweka alama kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa mgeni Rubwera, karani niliyehamishwa, bila ndugu wala rafiki. Ile karatasi ilinifanya nijione na mimi nina mahali ninapopajua. Nilikuwa nimefika Rugu, nimefika kwenye mbuga za wafugaji ambako ng'ombe walinitazama mpaka nikaona haya.

Safarini nilibeba vitu viwili. Cha kwanza ni reflekta, kizibao kile cha njano wanachovaa bodaboda, maana niliogopa kugongwa barabarani. Cha pili ni kijiti chenye kitambaa chekundu, nilichokichomeka kwenye nukta ili picha ionyeshe kwamba ni hapa hasa. Nikimaliza nakichomoa. Sikuwahi kujiuliza mtu mwenye reflekta, simu na kijiti chekundu anafanana na nani.

Siku moja nukta iliangukia Kanoni, huko Karagwe, ndani ya kibanja cha mtu, shamba linalozunguka nyumba, kati ya migomba na mibuni. Kibanja cha mtu hakiingiliwi kwa nyuma. Unapita njia ya mbele, unapiga hodi, unasalimia, unaketi, ndipo unasema kilichokuleta. Nilijua hayo yote. Lakini nilipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, na bodaboda aliyenileta alikuwa ananipigia honi kule juu. Nikazunguka nyuma, nikapenya kati ya milamula, ile mimea inayopandwa mpakani, nikaanza kwenda mbele na kurudi huku macho yakiwa kwenye simu. Nukta ilikuwa hatua chache kutoka kwenye makaburi mawili, moja la saruji, jingine dogo la mawe yaliyopangwa. Nikachomeka kijiti, nikapiga picha.

"Mnapima?"

Alikuwa mzee wa kibanja cha jirani, amesimama upande wake wa mpaka na panga mkononi. Nilishtuka hadi simu ikaniponyoka. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza tena kama tunapima. Ningemwelezaje mtu mzima kwamba nimetumwa na namba za kubahatisha? Niliona aibu, nikajibu, "Napima kidogo tu, mzee."

"Umetoka wapi?"

"Rubwera."

"Watu wa Kyerwa mpaka huku? Basi ni barabara kubwa."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nilitabasamu tu, mvua ikaanza, nikaaga mbio. Kijiti nilikikumbuka nikiwa nyumbani navua raba. Nikajiambia mbuzi watakila.

Miezi minne ikapita, nukta ikaangukia kwenye mlima wa pili kutoka pale. Nilifurahi, maana upande ule ramani yangu ilikuwa na alama moja tu. Njiani bodaboda, kijana mwingine si yule wa kwanza, alipunguza mwendo akanyoosha kidole kwenye migomba.

"Pale kuna bibi anahamisha makaburi, dada. Barabara inapita kwake. Walishakuja kupima, mama mmoja wa serikali. Wanasema alivaa reflekta kama hiyo yako."

Nilivua reflekta tukiwa bado tunakwenda, nikaisokomeza kwenye mkoba. Sitasema uongo: wazo la kwanza halikuwa bibi. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria mapanga, nikafikiria kumwambia kijana anyooshe moja kwa moja. Nani angejua? Tulipita njia panda ya kushukia kule. Tukapita na duka linalofuata. Kisha nikasikia sauti yangu ikimwambia ageuze.

Safari hii nilipita njia ya mbele. Nilipiga hodi, nikaitikiwa. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, mwembamba, kanga imefungwa kifuani kama mtu aliye kazini. Yule mzee wa jirani, ambaye kumbe ni shemeji yake, alikuwa anainoa sururu.

"Ndiye huyu," akasema mzee.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu waitu, mwenzetu." Akasogea anipishe mkekani, akanimiminia kiganjani buni za kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote. "Umekuja kuhakikisha? Msituharakishe. Mtoto tulimhamisha jana, leo ni mzee wangu, baba yake. Huyo ana saruji, ndiyo maana tunachelewa."

Sikuweza kuzitafuna zile buni. Nilisema vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi nyuma: simu, mraba, nukta, picha. Nikasema hakuna barabara ninayoijua mimi. Nikasema kijiti ni changu, nilikisahau.

"Nani alikutuma?" akauliza bibi.

"Hakuna aliyenituma, bibi. Ni mchezo."

"Nilikuuliza," mzee akadakia, sururu imesimama. "Nilikuuliza mara mbili. Ukaniambia unapima."

"Ndiyo, mzee. Nilisema hivyo."

Nilitamani anitukane. Alitema mate pembeni, akarudi kunoa sururu. Bibi ndiye aliyeendelea, polepole, kama anajisimulia mwenyewe. Alipokiona kijiti karibu na makaburi alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuuliza, akaambiwa hana habari ya barabara yoyote. Akaona anafichwa. Huko alikoolewa dada yake, greda lilipita juu ya wafu watu wakitazama. Akaapa kwake halitapita.

"Huyu mdogo alikufa ana miaka minne," akasema. "Surua. Ni zamani, kabla ya saruji. Jana tumechimba mpaka kifuani, hatukupata kitu, hata jino. Wakaniambia tuache. Nikasema hapana, nikashuka mwenyewe, nikachota udongo wa pale chini kwenye beseni. Nikasema ndiye huyu."

Alinionyesha kwa kidevu. Chini kabisa ya kibanja, karibu na bonde, kulikuwa na tuta jipya, jekundu, fupi.

Nililia. Nilisema nisamehe bibi, nikasema tena, nikasema nitafanya lolote. Alinisubiri nimalize. Hakuwa na hasira usoni, na hilo liliniogopesha kuliko panga.

"Mzee wangu atabaki alipo," akamwambia shemeji yake. "Weka sururu." Kisha akanigeukia. "Na mtoto hawezi kukaa kule peke yake. Utamrudisha wewe."

Aliingia ndani akatoka na jembe na beseni la bluu. Tulishuka wote watatu kwenye migomba. Nilichimba lile tuta kwa jembe, halafu bibi alinikataza jembe, nikachimba kwa mikono. Hapakuwa na tofauti kati ya udongo wa mtoto na udongo wa pale, nikamuuliza nitaujuaje.

"Mimi namjua," akasema. Akapiga magoti kando yangu, akawa ananionyesha kwa kidole, hapa, na hapa, mpaka beseni likajaa.