Paskazia Abeba Siwa

Paskazia Mihayo alikuwa mrefu kupita wanawake wote wa mtaa wao pale Nyakato, na kwa miaka mingi urefu huo ulimletea utani tu. Shuleni walimwita Mlingoti. Kiwandani, alikofuma vitambaa tangu usichana wake, mitambo ilitengenezwa kwa watu wafupi, basi alifanya kazi ameinama mpaka mgongo ukazoea. Kisha yakaja mageuzi. Mitumba ikajaa soko la Makoroboi mpaka barabarani, shati la Ulaya likawa rahisi kuliko kanga ya hapa, na asubuhi moja wafanyakazi wakakuta geti la kiwanda limefungwa kwa mnyororo. Paskazia akarudi nyumbani, akamkuta mumewe anaziba pancha ya baiskeli ya mteja.

"Baba Kija," akasema, "leo nimerudi mapema. Kesho pia nitakuwepo."

Akakaanga mihogo, akauza maandazi, akalima matuta ya viazi bondeni. Ndipo ukaanza uvumi kwamba kwenye kilima kile kinachotazama ziwa panajengwa chuo kikuu. Watu hawakuamini. Chuo kikuu kilikuwa kitu cha Dar es Salaam, cha watu wanaopanda treni na kupotea miezi. Lakini serikali ilikuwa imeruhusu mashirika yafungue vyuo vyao, na kweli matofali yakapanda kilimani, na kweli maprofesa wakaja na masanduku ya vitabu. Paskazia akaenda kuomba kazi, akapewa bweni la wasichana: kufagia, kupiga deki, kutunza magodoro, kufungua na kufunga.

Tangu siku hiyo, akiulizwa anafanya kazi wapi, hakusema anafagia. Alisema, "Chuo Kikuu," kisha akanyamaza, aliache neno lishuke lenyewe. Majirani wakamtania kwa jina jipya.

"Habari za kutwa, Plofesa?"

"Nzuri. Somo la leo lilikuwa deki."

Walicheka, lakini walipokuwa na mtoto aliyefaulu kidato cha sita, mlango waliogonga ulikuwa wa Paskazia. Naye alipenda kuulizwa. Alipenda mambo mengi ya kilimani pale: ile harufu ya maktaba, karatasi na vanishi, wanafunzi kutoka Bukoba, Songea na Kigoma wakigombana kwa hoja mezani kisha wakigawana ndizi moja, na zile siku za mgao wa umeme, bweni zima limewasha kandili, kimya, kurasa tu ndizo zinazosikika. Wakati wa mitihani alipita mlango kwa mlango kabla jua halijatoka, akigonga na kuita majina. Hakuna binti wa bweni lake aliyewahi kukosa mtihani kwa usingizi.

Mwaka wa mahafali ya kwanza ulipofika, Msajili wa chuo, Dokta Venant, alimwita ofisini.

"Kaa, Mama Kija. Umeiona ile siwa?"

Alikuwa ameiona. Lilikuwa rungu refu la mti wa mninga lenye kichwa cha shaba, limechongwa na fundi wa Ukerewe, nalo ndilo alama ya heshima ya chuo.

"Nimeipangusa vumbi jana, mzee."

"Jumamosi utaibeba."

"Niipeleke wapi?"

Msajili akacheka mpaka akavua miwani. "Mbele yetu. Wewe mbele, Mkuu wa Chuo nyuma yako, na maprofesa wote nyuma yake."

"Mzee, mimi ni mtu wa bweni."

"Ni mtu wa chuo. Nimekuona ukipandisha magodoro kilimani hapa, vijana wanatua kila mahali wapumue, wewe unapita tu umenyooka. Nataka mtu ambaye akianza kutembea, watu wananyamaza."

Paskazia alitoka nje miguu ikiwa myepesi. Lakini furaha yake haikufika mbali, maana getini alikuwapo Mzee Shimba.

Mzee Shimba alikuwa mkuu wa walinzi. Alipigana vita vya Kagera, akarudi na mguu usiokunjika, na tangu siwa ilipoletwa alikuwa aking'arisha viatu vyake kila asubuhi, bila kumwambia mtu kwa nini. Kila mtu alijua kwa nini. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Akatazama barabarani kana kwamba ni upepo uliosema.

Paskazia alikwenda nyumbani akamsimulia mumewe. Mihayo alipomsikiliza, akasema, "Mrudishie Msajili basi hiyo siwa." Mkewe akatikisa kichwa. Hakutaka kuirudisha. Aliitaka, na ndiyo mara ya kwanza alikiri kwamba kuna kitu cha kilimani pale anakitaka kwa moyo wote. Asubuhi akarudi getini.

"Mzee, siwa nimepewa. Mwendo sijapewa. Wewe ndiye unao."

Mzee Shimba akagonga paja lake. "Mwendo wangu ulibaki Kagera."

"Wa mguu. Wa kichwani unao."

Mlinzi akafungulia gari moja geti, akalifunga, akarudi taratibu.

"Marahaba," akasema.

Wiki ile yote walifanya mazoezi njia ya jikoni, Paskazia ameshika mchi wa kinu badala ya siwa, Mzee Shimba akichechemea pembeni. "Usikanyage hivyo, huendi vitani! Nyanyua kidevu. Tembea kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake." Na mara nyingine: "Ukishaanza, husimami, hukimbii. Mbele ya siwa hapiti mtu. Hata ng'ombe akiingia njiani, ni yeye atakayehama."

Jumamosi mama yake Paskazia, Bibi Sabina, alitoka Sengerema alfajiri, akavuka kwa kivuko cha Kamanga, akafika amejifunga vitenge viwili vipya. Wakamkalisha chini ya turubai pamoja na wazazi wa wahitimu. Bendi ya shule ikaanza kupiga, na kutoka jengo la utawala ukatokea msafara: Paskazia mbele katika joho jeusi lililoongezwa pindo, siwa begani, nyuma yake rangi zote za majoho ya maprofesa.

Walikuwa katikati ya uwanja wakati ziwa lilipogeuka jeusi. Mvua ya upande ule haipigi hodi. Ilivuka maji ikapanda kilima, ikawamwagikia. Bendi ikakatika, tarumbeta moja moja. Watu wa pembeni wakakimbilia turubai. Paskazia akasikia nyuma yake sauti ya profesa mmoja: "Jamani, tukimbie?"

Hakuna aliyekimbia, kwa sababu aliyekuwa mbele hakukimbia. Paskazia alisikia maji yakimwingia shingoni, joho likawa zito kama blanketi, viatu vikaanza kutoa sauti. Mgongo ule uliozoea kuinama ulikuwa umenyooka kuliko siku zote za maisha yake. Akapiga hatua, akapiga nyingine, kwa mwendo uleule. Nyuma yake madaktari na maprofesa wakafuata, kofia zikichuruzika, na chini ya turubai watu wakanyamaza. Kisha sauti moja nyembamba ikapaa. Ni Bibi Sabina, amesimama juu ya kiti, anapiga vigelegele. Wanawake wote wakaitikia. Makofi yakafuata, yakashinda mvua.

Alipoiweka siwa mahali pake jukwaani, Mkuu wa Chuo, mzee wa miaka mingi, akamwinamia akinong'ona, "Mama, ningekuwa mbele mimi, sasa hivi ningekuwa chini ya meza." Paskazia akabana midomo asicheke mbele za watu. Lakini majina yalipoanza kusomwa hakuweza kubana machozi. Mabinti aliowagongea milango miaka mitatu walipanda jukwaani mmoja mmoja, na karibu kila mmoja, kabla ya kushuka, alimtupia jicho.

Jioni mabinti hao walimzunguka kwa picha. Bibi Sabina, aliyekuwa akila pilau kwenye meza moja na Msajili, akauliza, "Hawa wote ni wako?"

"Wa bweni langu, mayu."

Mzee Shimba alifika na taulo kavu, akaanza kuipangusa siwa kuanzia kwenye shaba kushuka chini. Alipomaliza akamtazama Paskazia.

"Uligeuza shingo mara moja, pale kwenye ngazi."

"Nilikuwa namtafuta mama."

"Mwakani mkalishe mbele kabisa."

Na mwaka uliofuata alikalishwa mbele.